Kasuku Wawili wa Mama

Juzi nilikwenda Kituntu kumtazama rafiki yangu aliyejifungua. Walinipokea vizuri mno. Walitandika nyasi mpya sakafuni, wakanipa buni za kutafuna, kisha mama mkwe wake akashusha kibuyu kutoka kichanjani akanimiminia maziwa. Kikombe hakijafika mdomoni, harufu ilinifikia: ule moshi mtamu wa nyasi ambao wafugaji wa kwetu huufukizia vibuyu vya maziwa. Nilikiweka kikombe chini nikatoka nje, nikasimama ukutani nikiwa nimefumba macho. Nilipoulizwa nina nini nikasema kichefuchefu. Wanawake wakatazamana, wakaanza kucheka, maana wanawake wakisikia kichefuchefu hufikiri jambo moja tu.

"Na wewe pia?" mama mkwe akauliza. "Basi hongera, mwanangu. Maziwa tutakuwekea."

Niliwaacha wafikiri hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba harufu ile, kwangu mimi, ni harufu ya ndege wawili wadogo wa kijani, na ya mama yangu, ambaye nilimwogopa wakati ambao ningepaswa kumshika.

Afadhali niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, hurudi kuutikisa. Nikipanga vikombe, hupenda masikio yake yaangalie upande mmoja, na likigeuka moja sipati usingizi. Sikwenda shule. Nilijifunza kusoma kwa kukaa mbele ya baba alipokuwa akifuata nyimbo katika kitabu chake, nikiyatazama maneno yakiwa yamegeuka juu chini, na hata leo nasoma hivyo bila shida, jambo linalowashangaza watu kuliko linavyonisaidia. Ukurasa huu nimeuandika na kuuchana mara nyingi. Nilitaka usiwe na kosa. Sasa nimechoka kuuchana, na ninyi wa rika langu, mliolelewa karibu na ng'ombe na migomba kama mimi, mtanisamehe pale nitakapokosea.

Kwetu ni upande wa Bugomora, pale migomba inapokoma na nyasi za malisho zinapoanza. Baba alikuwa na ng'ombe, si wengi sana, na kibanja cha migomba na kahawa. Siku moja alirudi kutoka machungani akiwa amekunja kanzu yake mbele kama mwanamke aliyebeba mboga. Mti mkavu ulikuwa umeanguka, na juu yake kulikuwa na kichuguu, aina ile ambayo mchwa huijenga kwenye matawi. Kilipopasuka, ndani yake mlikuwa na makinda. Mengine yalikwisha kufa. Mawili yalikuwa yanatikisa vichwa, uchi, mabaya kweli, na midomo iliyopinda.

"Ni enkusu," mama alisema, maana kwetu kasuku wote ni enkusu, wakubwa kwa wadogo.

"Enkusu gani wa kukaa na mchwa?" bibi akamjibu. Bibi, mama yake baba, alikuwa na jibu kwa kila jambo. "Hao ni panya wamekosea nguo. Watupe."

Mama hakuwatupa. Alitafuna ulezi mpaka ukawa uji mdomoni, akawasogeza makinda usoni pake, nao wakala kutoka kwenye midomo yake wakitetemeka mwili mzima. Alifanya hivyo asubuhi, mchana, jioni, huku akipalilia, huku akimenya ndizi, hata kanisani, ambako alikaa mlangoni na kikapu kidogo mapajani. Manyoya yakaota, ya kijani kama jani jipya la mgomba, halafu nyuso zikaanza kuwa nyekundu. Wa kiume alikuwa mwekundu kabisa usoni, kama aliyechovya kichwa katika rangi. Wa kike alikuwa na rangi ya chungwa. Yule wa kiume alipenda kupanda juu ya kijiti na kupiga kelele akiinua mbawa, na mama akamwita Mwinjilisti.

"Utatuletea balaa," bibi alisema. "Mwinjilisti mwenyewe akija hapa akasikia?"

"Atafurahi, mama. Huyu anahubiri kila siku wala haombi chakula cha jioni."

Bibi alicheka mpaka akajishika kiunoni. Nasema hili makusudi, kwa sababu habari yangu itamtaja bibi mahali pabaya, nami sitaki mfikiri kwamba hakuwapenda. Aliwapenda. Ndiyo sababu ya yote.

Baba alisuka tundu kubwa la matete, na ndani yake mama akatundika kibuyu kikuukuu alichokitoboa shimo ubavuni. Chini ya kibuyu aliweka mabonge ya kile kichuguu, akisema ndege waliozaliwa ndani ya udongo wa mchwa hawawezi kulala kwenye pamba. Walichimba udongo ule kwa midomo kama vibarua. Nilifundishwa yote. Ulezi upepetwe, usiwe na vumbi. Mtama ukiwa bado mbichi wapewe suke zima, wajichanie wenyewe. Tini za mti ule wa nguo za magome wapewe zilizoiva tu. Maji yawe kwenye kigae kipana, si kirefu, maana wanaoga. Asubuhi uwawekee kitita cha nyasi zenye umande wajigaragaze. Usiwasogelee ghafla, na usimruhusu mtu kuwasogelea ghafla, kwa kuwa ndege wale walikuwa waoga kupita kiasi. Mlango ukibamizwa walijirusha kwenye matete mpaka wakatoka damu kwenye nyusi. Mama alisema tunafanana, mimi na wao. Nilifurahi sana kuambiwa hivyo.

Jambo moja lilinitisha mwanzoni. Walilala kichwa chini. Mara ya kwanza nilipochungulia kibuyuni jioni na kuwaona wananing'inia kwa miguu kama popo, nilipiga ukelele. Mama alikuja, akatazama, akanikalisha. "Hivyo ndivyo wanavyolala. Ukiwaona wananing'inia, jua wako salama." Tangu hapo sikwenda kulala kabla ya kuwaona wananing'inia.

Kisha mama akaanza kuugua. Sikuelewa ugonjwa wenyewe, wala leo siujui jina. Niliona tu kwamba alipoinuka alishika ukuta, na kwamba alipika akiwa amekaa. Mwinjilisti, yule mwenye viatu na Biblia, alikuja kuomba, naye Mwinjilisti wa tunduni akapiga kelele wakati wote wa maombi, na hakuna aliyecheka. Baadaye watu waliandaa machela. Mama alipelekwa kwenye hospitali ya misheni, mbali, upande ambao mimi sijawahi kufika.

Alipokuwa amelala kwenye machela uani aliniita. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na nilitazama pete yake iliyokuwa inazunguka yenyewe kidoleni.

"Kemi," akasema, "nawaacha ndege wangu mikononi mwako. Wakiwa wazima, nami nitakuwa mzima. Umesikia?"

Nadhani alitaka kunipa kazi ili nisilie. Mtu mzima angesikia hivyo. Mimi nilisikia maneno yenyewe, kama yalivyo, nikayaweka moyoni kama yanavyowekwa masharti. Ndege wakiwa wazima, mama mzima. Hakuniambia kinyume chake, lakini sikuhitaji kuambiwa.

Sijui namna ya kueleza niliyoishi baada ya hapo bila kuonekana natia chumvi. Ndege akipiga chafya, nilienda nyuma ya nyumba kutapika. Nilipepeta ulezi mara moja, kisha tena, kisha nikauchagua punje kwa punje juu ya ungo. Nilitazama kinyesi chao kila asubuhi kama watu wanavyotazama mawingu; kikiwa laini nilijua mama amekuwa na usiku mbaya, kikiwa kigumu nilijua amekula. Mwinjilisti alipong'oka unyoya wa mkia, niliuficha chini ya mkeka nikangoja habari mbaya. Habari haikuja, ila sikuutoa. Na katika yote hayo sikumwambia mtu sharti lenyewe. Niliona likitamkwa litakatika.

Aliyekaribia kulijua ni Kokugonza, binti ya baba mdogo, aliyenizidi umri na kimo na maneno.

"Unawatunza kama wakwe," alisema, akiwa ameegemea tundu. Nilimvuta mkono aondoke. "Ona! Hata kuwatazama ni kosa. Wewe ukiolewa mume atakurudisha na hao vifaranga wako."

"Usiegemee. Wanaogopa."

"Wanaogopa wao au unaogopa wewe?"

Nilimvuta tena mkono mpaka akaondoka.

Hatimaye ujumbe ukaja kwa mtu aliyepita na baiskeli: mgonjwa ameanza kutembea, baba aende kumchukua. Nyumba yote ikageuka. Baba akaondoka asubuhi hiyo hiyo. Bibi, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amekaa kimya kuliko kawaida yake, alifunga kanga kiunoni na kuanza kusafisha. Alipaka kuta samadi mpya. Alikata nyasi za kutandika, zile nyembamba zenye harufu nzuri. Alishusha vibuyu vyote vya maziwa, akaviosha kwa maji ya moto, kisha akatoa chungu chake cha kufukizia. Ninyi mnaijua kazi hiyo, ila labda wengine hawaijui. Nyasi maalumu huwekwa juu ya makaa ndani ya chungu kidogo, kibuyu kikainamishwa juu yake kiunyonye moshi, kisha kikazibwa haraka ili moshi ubaki ndani. Kibuyu kisichofukizwa, kwa mfugaji, ni kibuyu kichafu hata kikioshwa vipi. Kumpa mtu maziwa kutoka kibuyu cha namna hiyo ni kumtukana. Bibi alivifukiza vyote. Alikohoa, akafuta machozi ya moshi, akaimba.

Nami siku hiyo nilikuwa mtoni kufua nguo za mama, zilizokuwa safi tayari. Niliporudi jua lilikuwa linazama na ndege walikwisha kuingia kibuyuni mwao. Kulikuwa na baridi, na bibi alikuwa ameziba shimo la kibuyu kwa kitita cha nyasi, akiacha upenyo, kama tulivyofanya kila siku za baridi. Niliuliza kama wamening'inia.

"Wamening'inia, wamening'inia. Njoo ule."

Asubuhi nilitoa kile kitita cha nyasi. Walikuwa wamelala chini, ubavu kwa ubavu, vichwa juu, miguu imekunjwa chini ya matumbo. Kwa mara ya kwanza niliwaona wamelala kama ninavyodhani ndege wengine wote hulala, na hivyo ndivyo nilivyojua. Sikuhitaji kuwagusa. Kutoka ndani ya kibuyu kulitoka harufu tamu, ya maziwa na moshi, kama vile ndani yake mlikuwa na asubuhi ya kawaida.

Bibi alikuja nyuma yangu. Aliingiza mkono, akawatoa mmoja mmoja, akawaweka kwenye kiganja chake, akawapuliza usoni. Kisha akawafunga kwenye jani la mgomba.

"Nyamaza," akaniambia, ingawa sikuwa nimetoa sauti. "Usimwambie mtu. Mama yako asiipokee habari hii mlangoni."

Nilimwelewa vibaya kabisa. Nilisikia kwamba bibi naye analijua sharti. Nilisikia kwamba habari yenyewe imekwisha kufika, na kwamba watu wazima, kama kawaida yao, wanaificha kwa watoto mpaka baba arudi peke yake. Nilienda kukaa kati ya migomba. Nilimlilia mama yangu pale, nikauma mkono wa gauni ili nisisikike. Nililia kilio chote. Nasema chote kwa sababu baadaye nilipokihitaji hakikuwapo.

Na siku chache baadaye mama akaja.

Wanawake waliokuwa njiani walianza kupiga vigelegele, nami nikapanda juu ya jiwe la kusagia nione. Baba alikuwa anasukuma baiskeli. Kando yake alitembea mwanamke mwembamba, aliyeshikilia fimbo, kichwa kimenyolewa, amejifunga shuka jeupe kutoka shingoni hadi miguuni. Wakristo wa kwetu walikwisha kuacha kuzikwa kwa nguo za magome ya mti; walizikwa kwa shuka jeupe. Nilikuwa nimeona mazishi. Nilijua nguo ile ni ya nani.

Watu wote walimkumbatia. Nilishangaa wanavyoweza. Bibi alilia, akampapasa kichwa kile kisicho na nywele, akamkalisha. Buni zikapitishwa. Kisha macho ya yule mwanamke yakanitafuta, yakanipata nyuma ya ghala la mtama.

"Kemi. Hunisalimu?"

Nilisogea mpaka mahali ambapo mkono wake usingefika, nikapiga goti.

"Shikamoo, mgeni."

Uani pote palilipuka kwa kicheko. "Mgeni!" mtu alisema. "Ameshasahauliwa huyu!" Hata baba alicheka. Yule mwanamke peke yake hakucheka. Alinitazama, mdomo wake ukafunguka kidogo, akasema, "Marahaba," kwa sauti ndogo kama mtu anayepokea kitu kisicho chake.

Nilihamia kulala kwa bibi. Chakula alichopika yule mwanamke nilikishika mdomoni nikaenda kukitema kwenye mashina ya kahawa. Akipita, nilitazama kivuli chake. Kilikuwapo, lakini chembamba. Alikuwa ananuka dawa. Sauti ilikuwa yake, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana nilijiuliza ni nani aliyepewa ruhusa ya kuichukua. Alipouliza ndege wako wapi, bibi alisema wametoka tunduni, tutaongea, pumzika kwanza. Naye akanitazama mimi, nami nikakimbia.

Ilibidi nimwulize mtu. Nikamwuliza Kokugonza, tukiwa tunaokota kuni, nikijifanya nauliza habari ya mtu mwingine.

"Mzimu unajulikanaje?"

"Mzimu?" Akatua mzigo, amefurahi kuulizwa. "Rahisi. Haunywi maziwa yaliyofukizwa. Moshi ule unaukataa."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Ni wewe tu kichwa maji. Kwa nini?"

"Basi tu."

Leo najua alilitunga pale pale. Kokugonza hakuwahi kukosa jibu. Alirithi kwa bibi. Lakini mimi nililibeba jibu lile hadi nyumbani kwa uangalifu kuliko kuni. Nilichukua kibuyu kizuri kuliko vyote, kile chenye kifuniko cha kusukwa, bibi asinione. Mama alikuwa amekaa juani ukutani, macho yamefumba. Nilipiga goti, nikakifungua kibuyu karibu na uso wake.

"Karibu maziwa."

Alifumbua macho. Nilimwona akianza kutabasamu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi mimi kumkaribia kwa hiari. Kisha harufu ikamfikia. Uso wake ukakunjamana, akageuza kichwa, akaweka mkono mdomoni.

"Ondoa," akasema. "Ondoa, mwanangu, ondoa hiyo. Moshi huo utaniua."

Kibuyu kiliniponyoka, kikapasuka juu ya jiwe, maziwa yakaenea hadi kwenye miguu yake. Nilikimbia. Nilipita kwenye kahawa, nikaingia migombani, nikasikia nyuma yangu akiita jina langu, na hatua zake, na majani makavu yakivunjika. Alikuwa ananikimbiza. Mtu aliyeshindwa kufika uani bila fimbo alikuwa anakimbia. Hilo lilinithibitishia yote.

Kisha nikasikia kishindo, na baada ya kishindo maneno ambayo sitayaandika, maneno ambayo mama yangu, mke wa Mkristo, hakuwahi kuyasema mbele yangu. Niligeuka. Alikuwa ameanguka kwenye mtaro wa maji, mguu mmoja ndani na mmoja nje, shuka limechafuka tope, na ugoko wake ulikuwa unatoka damu. Alikuwa na hasira. Alikuwa na hasira kama watu wanavyokuwa na hasira.

"Wewe mtoto!" alipiga kelele. "Nimetoka kule nakuja kwako! Nimelala chini ya miti, nimebebwa kama gunia, naja kwako wewe, halafu unanikimbia! Nimekufanya nini? Sema! Nimekufanya nini?"

Nilisimama nimeshika mgomba. Swali lilitoka lenyewe.

"Ulikufa lini?"

Nadhani mwanzoni alitaka kucheka, maana pua yake ilitanuka, lakini alinitazama tena na kicheko hakikutoka.

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege wako. Walikufa. Ulisema wakiwa wazima, utakuwa mzima. Niliwatunza. Niliupepeta ulezi. Niliupepeta kila siku, mama."

Neno mama lilinitoka bila kukusudia. Aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo ndani ya mtaro, maji ya tope yakipita chini yake. Bibi alifika akihema, kipande cha kibuyu kilichovunjika mkononi, tayari kunichapa. Alituona, akasikia sehemu ya mwisho. Alikaa chini pale pale, juu ya majani makavu, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ni mimi," akasema. Hakuwa anamwambia mama, alikuwa ananiambia mimi. "Ni mkono wangu, mjukuu wangu. Kibuyu chao kilikuwa kinanuka. Nikasema, mwenyewe anarudi, atakuta vyote vinanukia isipokuwa cha ndege wake? Nikakifukiza. Nikakiziba, kama vile vingine. Jioni nikawarudisha ndani." Akafuta pua kwa kiganja. "Sikujua kwamba ndege hawezi kulala ndani ya moshi. Nani angejua? Kwetu kitu kikifukizwa kimeheshimiwa."

Mama alininyooshea mkono. Nilimsogelea polepole, kama nilivyofundishwa kuwasogelea ndege. Alichukua mkono wangu akauingiza kwapani mwake, chini ya shuka. Kulikuwa na joto, na kulikuwa na maji.

"Nini hiyo?" mama akauliza.

"Jasho."

"Maiti ana jasho?"

"Hana."

"Na damu je? Tazama. Na maziwa, nitayanywa nikipona tumbo. Dawa zao zimenigeuza pua, hata bibi yako ananuka kwangu kama kicheche."

"Asante," bibi alisema, na mama akacheka, na kwa kuwa alicheka vibaya, akikohoa, akishika mbavu, nikaamini.

Ningependa kusema niliamini moja kwa moja. Si kweli. Niliamini mchana. Lakini kila alipolala usingizi wa alasiri nilienda kuweka kiganja mbele ya pua yake, na alipokuwa kimya sana nilimwita. Alifumbua macho akaniambia nipo, nikaenda zangu, nikarudi tena. Sasa naona kwamba sikumpumzisha. Nilimtunza kama nilivyowatunza wale ndege, na wagonjwa, kama ndege, hawapendi kuchunguliwa kila mara. Hata hivyo hakunifukuza. Wakati mwingine nilimkuta amefumba macho lakini akitabasamu, akisubiri kiganja changu.

Senene walipokuja mwaka ule, mama alikufa. Sikuwa nimefanya kosa lolote, na hakuna ndege aliyekufa. Alikufa tu, asubuhi, mtu akiwa anapepeta maharage nje. Wanawake walilia. Mimi sikulia, na nilisikia wakisema mtoto huyu ana moyo wa jiwe, hata mama yake aliporudi alimwita mgeni. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumlilia mara moja, migombani, kilio chote, na alikuja. Nilikuwa na hakika ambayo hakuna mtu mwingine pale aliyekuwa nayo.

Baada ya mazishi niliosha miguu, nikavaa gauni langu la Jumapili, nikaenda kukaa kando ya njia, pale inapotoka kwenye nyasi. Kokugonza alitumwa kunitafuta. Alikuwa ameniletea ndizi ya kuchoma kwenye jani, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Unamngoja nani?"

"Mama."

"Tumemzika, Kemi. Nawe ulikuwapo."

"Hata ule wakati alikuwa amekufa. Akaja."

Alifungua mdomo. Nilijitayarisha kwa kichwa maji, kwa vifaranga, kwa yote aliyozoea kuniita. Lakini aliufunga mdomo. Alitazama njia, mpaka pale inapopotea kwenye kilima. Upepo ulikuwa unalaza nyasi, na mara moja moja zililala kama vile mtu anapita.

"Na akija," akaniuliza, "utakimbia?"

"Sitakimbia."

"Mimi nitakimbia," Kokugonza alisema. Kisha akakunja gauni lake vizuri chini ya magoti, akakaa karibu yangu.